Kumi na moja nukta nne

Leo asubuhi mashine ya kupimia sukari imeniandikia 11.4, na sijamficha mtu.

Jana tulikuwa arusini Chumbageni, hapa Tanga. Nimekula pilau, sahani moja na nyongeza yake, nikapokezwa soda ya baridi nikainywa yote. Nilijua ninachofanya. Alfajiri nimekaa ukingoni mwa kitanda nikakikamua kidole mpaka tone likatoka, stripu ikalinyonya, na namba ilipotokea nikampigia Bibi kabla sijapiga mswaki. "Mimi nina 9," akasema. "Tulikuwa na hitima. Jioni tutembee, mwanangu."

Kuna wakati namba kama hii ningeizika.

Niliambiwa nina kisukari mwaka 2019, aina ya pili. Kwa miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa mgonjwa hodari wa siku tatu. Kliniki ikiwa Alhamisi, basi kuanzia Jumatatu mimi ni mchicha, maharage na uji wa dona usiotiwa kitu. Nikifika asubuhi na njaa yangu, napimwa, 6.5, nasifiwa, narudi nyumbani kula nilivyozoea. Sikumwibia mtu, lakini nilikuwa najiibia mwenyewe na niliona raha kusifiwa.

Siku moja nikakuta daktari mgeni, akaagiza kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Sukari ikizidi mwilini hujigandisha kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Siku tatu za mchicha haziwezi kuifuta miezi mitatu. Majibu yalitoka asilimia 10.2. Alinisema kwa sauti, mlango uko wazi, foleni nzima inasikia. Alichosema kilikuwa kweli, ila sikustahili kuambiwa vile, na mpaka leo naamini watu wengi huacha kliniki kwa sababu ya kusemwa vile.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi, nimejifunika uso kwa mtandio. Mama mmoja mtu mzima pembeni yangu akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, na wewe ulijikaza siku ngapi?"

Nikamwambia tatu.

"Mimi wiki nzima," akasema. "Na bado kilinikamata."

Huyo ndiye Bibi. Hatuna undugu wa damu. Kwenye benchi lile lile akamwita Mwalimu, mstaafu mwenye sukari tangu yuko kazini, na Fundi, anayetengeneza baiskeli huku Ngamiani. Tangu siku hiyo tuko wanne.

Nyumbani wananipenda, hilo sina shaka nalo. Lakini mume wangu akiniona na chapati ataniambia "kidogo hakiui", na dada yangu akiiona chapati hiyo hiyo ataanza kulia kama anayenizika. Wote wawili hunifanya nile jikoni peke yangu, nimesimama. Bibi huniuliza tu: ngapi, na ulikula na nini?

Yeye ndiye aliyegundua habari ya vitumbua. Ndiyo biashara yangu, naamka saa kumi alfajiri kukaanga. Namba zangu za asubuhi zilikuwa hazishuki hata nikila vizuri, kliniki wakaniongezea dozi ya metfomini, vidonge vyangu vya sukari, namba zikagoma. Bibi zamani aliuza kaimati. Akaniuliza, "Unaonja vingapi?" Sikuwahi kuhesabu. Kesho yake nikahesabu: vipande kumi na viwili, kila kimoja kidogo, kabla hata jua halijatoka. Kwangu huko hakukuwa kula, kulikuwa kazi. Sasa binti yangu ndiye anayeonja, na wateja hawajalalamika.

Metfomini yenyewe nilitaka kuiacha kwa jinsi ilivyonichafua tumbo. Mwalimu akaniuliza naimeza saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, tumbo tupu, ili niiondoe njiani. Akatikisa kichwa, akaniambia niimeze katikati ya chakula. Huenda kliniki walinieleza siku ya kwanza, lakini siku ile sikusikia kitu chochote baada ya neno "kisukari".

Fundi kazi yake ni miguu. Alikanyaga kipande cha spoki asubuhi, akashinda nacho kutwa nzima, mpaka usiku mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ilikuwa imeshaiharibu mishipa ya fahamu ya unyayo. Kidonda kilimchukua kidole gumba. Kila Jumamosi tunakaa barazani kwa Bibi, tunavua viatu, naye Fundi anapitisha kioo kidogo chini ya nyayo zetu na tochi ya simu. Huchungulia katikati ya vidole na kubonyeza visigino. Mwezi uliopita aliona mchubuko kwenye mguu wa Mwalimu ambao Mwalimu mwenyewe hakuujua, akamfuata siku hiyo hiyo mpaka kliniki ili asiahirishe.

Jioni hii tumetembea kuelekea Raskazone, upepo wa bahari usoni, polepole kwa ajili ya Fundi na viatu vyake vilivyofunikwa mbele. Mwalimu ana pipi mfukoni, maana vidonge vyake ni vile vinavyoweza kuishusha sukari ghafla. Aliwahi kuanguka sokoni. Habari ya pilau tumeizungumza kidogo tu. Bibi ameniuliza lilikuwa la nyama au la kuku, nikamwambia la nyama, akasema angekula na yeye. Niliporudi nikajipima: 7.9.

Kipimo changu cha mwisho cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 7.6. Daktari anataka nifike chini ya 7.

Kliniki ni Alhamisi ijayo. Jumatatu nitakula ninavyokula siku zote. Jumanne vivyo hivyo, na Jumatano pia.