Betri yangu haikuwa inaliwa na hesabu

Binamu yangu ni wa bodaboda, steji yake iko Roysambu. Mwaka jana mwenye gari dogo alimgonga kisha akamgeuzia lawama, na shahidi hakuwepo. Akaniambia, "Injinia, si unitengenezee kakamera ka kuvaa kifuani?" Nikamtengenezea. Ya kwanza ilizima saa mbili asubuhi, na yeye huanza kazi saa kumi na moja alfajiri.

Chipu ni iCE40 UP5K, FPGA ndogo, yaani chipu ambayo sakiti zake unazipanga mwenyewe, na unaipanga kwa programu ya bure ya Yosys bila kulipia leseni. H.264 kamili, ile kanuni maarufu ya kubana video, haiingii humo, kwa hiyo niliazima mbinu zake chache. Picha inakatwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, unatafuta kila kipande kilikuwa wapi kwenye fremu iliyopita, unahifadhi tofauti peke yake. Ile transfomu yake ya 4 kwa 4, hesabu inayogeuza tofauti hizo ziwe rahisi kubana, inafaa sana chipu maskini: ni kujumlisha na kusogeza biti, hakuna kuzidisha.

Jasho liko kwenye kutafuta. Ukisaka pikseli 16 kila upande, ni nafasi 1,089, na kila nafasi ni kutoa pikseli kwa pikseli, mara 256. Fremu ya 320 kwa 240 ina vipande 300. Kwa fremu 15 kila sekunde unapita utoaji bilioni 1.2. Nikajiambia mwizi ndiye huyu. Nikaandika msako wa almasi, unaoruka kuelekea palipo na nafuu na kugusa nafasi ishirini hivi tu. Ulinila usiku wa miezi miwili.

Kupima ni rahisi: resista ya omu 1 kutoka maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli, unaipitisha kwenye waya wa betri, na kila milivolti kwenye mita ni miliampea moja. Kabla ya almasi, 96. Baada ya almasi, 84. Niliitazama ile mita kama mtu aliyepewa chenji pungufu na konda ameshashuka.

Usiku mmoja, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, nilizima hesabu zote nikaacha chipu isome tu kumbukumbu ya nje, ile chipu ya pembeni nilikohifadhi fremu iliyopita. Mita ikaandika 79.

Kumbe! Kwa kila kipande nilikuwa naleta dirisha zima la 48 kwa 48 kutoka nje, almasi au si almasi. Maana yake kila pikseli ilikuwa inasafirishwa mara tisa, na safari ya kutoka chipu moja hadi nyingine ni ghali kuliko kutoa namba ukiwa ndani. Na ndani mlikuwa na nafasi muda wote: kilobaiti 128, huku fremu yangu ya weusi na weupe ikiwa baiti 76,800. Sikuwahi kupiga hiyo hesabu ya darasa la nne.

Niling'oa kumbukumbu ya nje. Video ya kwanza ikaonyesha matatu yenye vichwa viwili, kwa sababu fremu mpya ilikuwa inaandikwa juu ya safu za zamani kabla sijamaliza kuzisaka. Nikazipanga safu kwa mzunguko, mpya ikifuata mkia wa ile ya zamani, vizuka vikaisha. Kisha nikashusha kloki, mapigo yanayoendesha chipu, kutoka megahezi 24 hadi 6, maana almasi haikuhitaji zaidi. Hapo ndipo ile miezi miwili ilipolipa. Volti sikuweza kushusha. Kiini cha chipu kinataka 1.2.

Mita sasa inasoma 21. Betri ni zilezile, seli kuukuu za laptopu.

Wiki iliyopita binamu alirudi saa mbili usiku, taa ya kamera bado inawaka. "Sasa weka rangi, Injinia." Nikachukua karatasi: rangi inafikisha fremu baiti 115,200, inabaki nafasi ya safu 33. Mzunguko wangu unahitaji 32.