Sandwichi za nyama ya kusaga: nilivyomaliza tatizo la mkate kulowa

Mara tatu mfululizo sandwichi zangu zilifika mezani zimelowa chapachapa. Vitunguu ncha nyeusi, katikati vibichi, na chizi imekaa juu kama karatasi. Mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Nyegezi, akasema, "Dada, bora ungekaanga sato tu."

Kosa la kwanza lilikuwa moto. Mkaa ukikolea, vitunguu vinaungua kabla utamu wake haujatoka. Sasa naufunika mkaa kwa majivu, naweka vitunguu maji vikubwa vinne vilivyokatwa vyembamba, mafuta na chumvi kidogo, nakaa navyo dakika 40. Vikianza kushika chini natia kijiko cha maji na kukwangua ile rangi ya kahawia. Ladha yote iko hapo. Sukari siongezi. Mwishoni kinabaki kiganja kimoja tu cha rangi ya asali, na inauma ukikumbuka ulivyolia wakati wa kukata.

Nyama, nusu kilo, nilikuwa naimwaga yote kwa pamoja, ikajichemsha kwa maji yake. Sasa nachochea mkaa, naikaanga mafungu mawili bila kuikorogakoroga, hadi maji yakauke na ianze kulia kwenye mafuta. Pilipili manga, basi.

Mkate naupaka siagi na kuubanika kwanza. Chizi inakaa chini na juu ya nyama, kuzuia majimaji. Nafunika, napalia makaa machache juu ya mfuniko kama wali, dakika mbili.

Jumapili mdogo wangu alikula mbili, akaulizia ya tatu. Sato hakumtaja.