SAP na programu za Z
SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu 5 waliotoka IBM. Kilichoikuza, kwa maoni yangu, ni kazi isiyo na mvuto: kuingiza kanuni za kodi, mishahara na ankara za kila nchi katika mfumo mmoja, na kuzibadilisha sheria zikibadilika. Ndiyo maana wateja hulipa ada ya matengenezo kila mwaka (na si ndogo!).

Tatizo huanza mteja anapougeuza mfumo apendavyo. Toleo jipya likija, marekebisho yake yanagoma, basi anaahirisha. Sasa matengenezo ya kawaida ya ECC, mfumo wa zamani wa SAP, yanakoma mwishoni mwa 2027. Kabla ya kuhamia S/4HANA, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, orodhesheni programu zote ambazo majina yake yanaanza na Z au Y (ndizo mlizojitengenezea wenyewe), futeni zisizotumika, kisha ondoeni kwenye mfumo wateja wenu waliosajiliwa mara mbili.