Kuku au samaki

Kosa lilikuwa langu. Safari yangu ya kwanza kupanda ndege, mwaka 2011, naenda Muscat kumtazama shangazi, na katika vitabu vyote vilivyotandazwa chini pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, nikaokota riwaya ya ndege inayotaka kuanguka. Nilijiona shujaa. Mimi nimekulia Kiembesamaki, jirani na kiwanja cha ndege cha Unguja, ambako ndege ikipita juu ya mabati mnanyamaza, ikishapita mnaendelea na maneno pale pale mlipoyaachia. Ndege kwangu ilikuwa kelele tu, haikuwa kitu cha kuogopwa.

Kitabu chenyewe kinaitwa Runway Zero-Eight, cha Arthur Hailey na John Castle, kimetoka mwaka 1958. Hiyo sifuri-nane ni namba ya njia ya kutua ndege: wanachukua nyuzi za dira za uelekeo wake, 080, wanakata sifuri ya mwisho. Yetu ya Unguja ni 18 ukiijia kutoka kaskazini, na 36 ukitokea kusini. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Usiku ule nilichojua ni kwamba ndege imejaa abiria, inavuka Kanada kwenda Vancouver, na chakula ni nyama au samaki. Samaki kaharibika. Waliomla wanaanza kujikunja mmoja mmoja, daktari aliyekuwamo safarini anapita kuuliza nani kala nini, na marubani wote wawili ni miongoni mwa waliokula. Anatafutwa abiria anayejua kurusha ndege. Anapatikana mmoja tu, aliyerusha vindege vya injini moja wakati wa vita, miaka mingi nyuma.

Nilikuwa hapo hapo, marubani wameshalala chini, mkokoteni wa chakula ukasimama ubavuni mwangu.

"Kuku au samaki?"

Nilihisi damu inanishuka miguuni. Mhudumu alikuwa binti wa Kiomani, lakini Kiswahili chake cha Mji Mkongwe kabisa. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kepteni kala nini. Akanitazama, akatazama kitabu mapajani, akacheka. "Kepteni na mwenziwe hawapewi sahani moja, kaka. Mmoja akila hiki, mwingine anakula kile." Alidhani ananituliza. Mimi nikaona kumbe hata wenyewe wanaogopa.

Nikasema kuku.

Bibi aliyekaa dirishani, Mpemba wa Wete anayekwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, alinigeukia kama niliyemtukana mzazi. "Mtoto wa Unguja unamwacha samaki?" Yeye akachukua samaki, akamla taratibu, akauliza kama yupo mwingine. Akaletewa wa pili.

Basi toka hapo sikusoma tena. Kitabu nilikifunga, nikaanza kumsoma bibi. Akijipangusa uso, nahesabu jasho. Akipiga mbweu, nashika mkono wa kiti. Akasinzia, nikasikiliza pumzi zake mpaka na mimi macho yakawa mazito. Taa zimezimwa, abiria wote wamejifunika mablanketi, na mngurumo ule ule wa injini, haupandi haushuki. Kiembesamaki ndege inapita ikaisha. Hii haikuisha.

Sijui nililala kiasi gani. Nilishtuliwa na mkono begani: "Nipishe, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nzito, kajishika kiunoni. Nikampisha. Akaenda nyuma kwa kushikilia viti, akaingia msalani, mlango ukafungwa.

Dakika tano. Kumi. Watu wawili wakaja kusubiri nje, mmoja akachoka akarudi kitini. Nikasimama na mimi. Nilipoukaribia ule mlango nikasikia maji yanamwagika, yakakoma, yakamwagika tena, na katikati yake kama mtu anakohoa, au anatapika. Nikamkimbilia yule mhudumu. Nadhani nilimwambia, "Bibi kala samaki wawili." Najua nilisema wawili, kwa sababu alirudia neno hilo: "Wawili?" Akaja, akagonga.

Mlango ukafunguka. Bibi katoka, uso unang'aa maji, mikono imekunjwa nguo mpaka viwikoni, pindo la buibui limelowa. Kutia udhu kwenye kibeseni kile kinachotosha kiganja kimoja si kazi ndogo, na kusukutua ndiko nilikokusikia.

"Alfajiri imeingia," akasema. "Nyinyi mnasubiri nini?"

Saa yangu ilionyesha bado. Ilikuwa ya Unguja, na sisi tulikuwa tunakwenda tukiikabili asubuhi. Nje ya dirisha lake mstari mwekundu ulishachora ukingo wa mawingu. Akasali amekaa. Nikasali na mimi, kwa haya zaidi kuliko kwa uchamungu.

Alipomaliza tasbihi akataka kujua nilimwitia nini yule binti. Sikuwa na pa kujificha. Nikamhadithia kisa chote: Kanada, daktari, marubani, yule mtu wa vindege vya vita anayeelekezwa kwa redio namna ya kutua. Alisikiliza vizuri mno, hata chai ikampoa.

"Na huyo mpishi wao," akauliza, "samaki alimuosha kwa ndimu?"

Nikamwambia kitabu hakikusema.

"Ehee," akasema, akageukia dirishani.