Hata siku moja

Niliahidi kueleza sherehe ya kufunga mwaka shuleni kwetu ilivyokuwa. Ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba vizuri kuliko mazoezini, mwalimu wa michezo (ndiye emsii wetu wa kudumu, mnamfahamu) alikauka sauti kabla zawadi hazijafika darasa la juu, wazazi walijaa hadi wengine wakachungulia madirishani. Sista Mkuu ameagwa, mhasibu ameagwa, shule imepata mkuu mlei, asiye sista wala padre, kwa mara ya kwanza tangu ifunguliwe, Mama ametoka hospitalini na anatembea bila kushikwa. Yote hayo ndani ya wiki moja, na mimi usiku huu sina ninalowaza ila maneno machache niliyoambiwa mbele ya ubao wa matangazo.

Wacha niyaandike, labda yataniachia nilale.

Wageni walikuwa wameshaondoka. Nilikuwa narudisha viti ukumbini. Sista alikuwa peke yake kwenye baraza ya ofisi, anang'oa pini ubaoni. Matangazo alikuwa ameshayabandua na kuyakunja. Zilizobaki ni pini tupu, na alizing'oa moja moja kwa ukucha wa kidole gumba, akizidondosha kwenye kikopo bapa cha peremende za koo, kile kile kilichokaa mezani kwake miaka yote. Mtu anaacha shule nzima, anaokoa pini. Ndivyo alivyo. Nikatua viti. Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, marefu kidogo, yenye shukrani na mstari wa Zaburi. Yalipotakiwa yakanitoroka, nikasema tu:

"Sista, tutakukumbuka sana."

"Nami nitawakumbuka." Akang'oa pini. Kisha akanigeukia, akanitazama vizuri, akatabasamu. "Wewe, Mwalimu, kwa kweli hukunisumbua hata siku moja."

"Asante, Sista."

Pini ikalia kikoponi. Nikabeba viti vyangu nikaenda.

Hayo ndiyo yote. Hakuna tusi, hakuna kejeli, na sura yake ilikuwa ya upendo, hilo naapa. Nilipofika ukumbini nilikuwa bado nimefurahi. Nikapanga viti ukutani, nikazima taa, na nikiwa nafunga mlango ndipo kikanichoma. Hukunisumbua. Mtu umefanya naye kazi tangu hajaanza kuvaa miwani, umemshikia zamu siku ambazo si zako, umekaa naye usiku wa kuamkia mtihani mkichambua karatasi, na siku ya mwisho anapofungua mkoba wa kumbukumbu zake, kwa jina lako anakuta hamna kitu, safi kabisa, hakuna hata doa.

Baba Watoto nimemsimulia mara nyingi kuliko subira yake. "Si amekusifu?" anasema. Nikamwambia amenisifu kama unavyosifu kiti. Akajibu kwamba kiti kizuri ni jambo kubwa, akageukia ukutani akalala. Huyo naye hanisumbui.

Isingeniuma hivi kama nisingesikia aliyowaambia wenzangu. Mwalimu wa kemia, ambaye amegombana naye kuhusu ratiba kila muhula na safari moja alitoka kikaoni na kubamiza mlango, aliagwa kwa hadithi ndefu. "Huyu ndiye aliyenipa mvi," Sista akasema mbele ya wazazi wote, akainamisha kichwa ili shela isogee kidogo tuzione. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha sauti ikamkatika, ikabidi anywe maji kwanza. Analilia mvi!

Na mwalimu wa kwaya. Hili lazima nilieleze, maana nusu ya wasomaji wangu walikuwa wananiuliza kwa nini sherehe ilihamishwa dakika za mwisho. Alikuwa amewafundisha watoto Utukufu mpya (ule wimbo wa Misa wa kumtukuza Mungu), wa sauti nne, muhula karibu wote. Padre mlezi alipousikia mazoezini akasema tumo katika Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, Padre atavaa zambarau na Utukufu hauimbwi. Mwalimu wa kwaya akaja na Misale, kitabu cha Misa, kwapani, amekunja ukurasa: Maelekezo yanaruhusu Utukufu kwenye adhimisho la pekee lenye uzito, na kama kufunga mwaka kwa shule nzima si adhimisho lenye uzito, aambiwe lipi ni zito. Padre akasema kugawa vyeti hakugeuzi Majilio kuwa Pasaka. Wakaendelea hivyo, wote wawili wakiwa sahihi, jambo lililozidi kuwakasirisha. Sista akawasikiliza hadi walipochoka, akafungua kalenda, akaweka kidole kwenye tarehe 8 Desemba: Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kwa Kanisa hiyo ni sherehe ya ngazi ya juu, hata ndani ya Majilio. Padre anavaa nyeupe na Utukufu unaimbwa bila kumwomba mtu ruhusa. Misa ya kufunga mwaka ikahamia hapo, na sauti nne zikasikika zote, ingawa ya tatu iliyumba kidogo.

Hiyo nayo akaisimulia kwenye hotuba, kwa furaha, akiigiza sauti ya Padre na ya mwalimu wa kwaya, na Padre mwenyewe akacheka hadi akajifuta macho.

Halafu mimi. Hata siku moja.

Nimejaribu kuyasikia maneno yale kwa kila namna. Nikiweka uzito kwenye "wewe", yanakuwa shukrani: wengine wote walinichosha, wewe ulinipumzisha. Nikiyavuta kwenye "hata siku moja", yanakuwa mshangao, kama kwamba ndiyo kwanza anagundua nilikuwepo. "Kwa kweli" ndiyo inayonitesa zaidi. Mtu husema "kwa kweli" anapokuwa ametafuta kitu kingine cha kusema akakikosa.

Jumapili baada ya Misa nilijaribu kumtetea. Masista wanaweka nadhiri ya utii. Barua ya uhamisho ilitoka kwa Mama Mkuu wa shirika lao, akaisoma, akaikunja, akaanza kufungasha. Hakuuliza kwa nini mimi, hakuuliza kwa nini sasa, na kama alilia hatukumwona. Kwa mtu aliyeishi hivyo tangu ujana wake, kutosumbua huenda ndilo neno la heshima kuliko yote aliyo nayo, na amenipa mimi. Fikra hiyo ilinituliza hadi jioni. Lakini mwalimu wa kemia akanijia tena na mvi zake.

Katibu wa elimu wa jimbo, alipokuwa akimtambulisha mkuu mpya, alisoma kipande cha tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu malezi ya Kikristo, lile la 1965, panaposemwa kwamba shule katoliki inawategemea walimu karibu kabisa ili itimize malengo yake. Tukapiga makofi. Nilipiga sana. Nilikuwa bado sijaambiwa.

Jana sasa. Mkuu mpya ameagiza kila idara ikabidhi kabati lake kabla ya mwaka kufungwa (ameanza vizuri, ana daftari na kalamu ya akiba), nami nikaenda kupanga la somo la dini. Chini kabisa, chini ya picha za Njia ya Msalaba zisizo na fremu, nikakuta faili la mihtasari ya vikao. Sijui lilifikaje huko. Nikakaa sakafuni nikalifungua, nikitafuta, nakiri, mahali mwalimu wa kemia alipobamiza mlango. Sikupaona, katibu wa kikao alikuwa muungwana, ameandika "mjumbe mmoja aliomba udhuru". Nilichokiona ni jina langu.

"Mwalimu wa dini aliomba maktaba irudishiwe matumizi yake. Imepokelewa." Kikao kilichofuata: "Mwalimu wa dini alikumbushia suala la maktaba. Imepokelewa." Kingine: "Suala la maktaba. Imepokelewa." Mwishowe hata sijatajwa, imeandikwa "Maktaba: kama hapo juu". Na pembeni, kwa wino wa kijani anaoutumia yeye peke yake, alama ndogo ya vema kila mahali.

Nilimsumbua! Iko kwenye kumbukumbu za shule, imesainiwa!

Maktaba yetu, kwa wageni wa hapa, imekuwa stoo ya mapambo tangu paa la stoo lilipoanza kuvuja. Kamusi zinaishi na mabawa ya malaika. Mwaka juzi mtoto alikwenda kuazima atlasi akarudi na taji la mfalme Herode. Nimelisema hilo kwa upole na kwa utaratibu, kwa kunyoosha mkono, na yule mama wa watu alilipokea kwa upole ule ule, akaweka vema, tukaenda zetu kusali sala ya kufunga. Nilicheka pale sakafuni hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Ndani ya kabati hilo hilo kuna picha ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, ninayoitundika kila tarehe 7 Aprili. Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa walimu wote mwaka 1950, na watoto wanajua alianza na shule za maskini kule Reims. Sehemu ninayoipenda mimi huwa siwafikishi, kengele hulia kabla. Mwaka 1712, amechoshwa na kesi na lawama, aliondoka Paris akaenda kusini mwa Ufaransa, akakawia huko, akidhani kazi itakwenda vizuri zaidi bila yeye. Mabruda wake, walimu wa kawaida, wakamwandikia barua tarehe 1 Aprili 1714. Hawakumwomba. Walimwamuru, kwa jina la utii aliouahidi kwa shirika alilolianzisha mwenyewe, arudi kushika uongozi mara moja. Na mwezi Agosti akarudi.

Kwa hiyo nimeandika barua kwa mkuu mpya. Rasimu ya kwanza ilianza na "tunakuamuru", nikaifuta, mtu hajamaliza hata wiki ofisini. Ya pili inanukuu Kanuni ya 806 ya Sheria ya Kanisa ya 1983, inayowataka viongozi wa shule katoliki wahakikishe taaluma yake haiwi chini ya shule nyingine za eneo lao, kisha inauliza kwa sentensi moja taaluma hiyo itatoka wapi iwapo ensaiklopidia zimelaliwa na hori la kunguni. Nimeweka tarehe ninayotaka jibu. Baba Watoto ameisoma, akasema ni kali. Nikamwambia ndiyo maana nimemsomesha yeye kwanza.

Sista ameondoka leo alfajiri, kikopo cha pini amekiacha juu ya meza kwa ajili ya mwenzake. Sikuwepo, nilikuwa zamu ya kumpeleka Mama kliniki.

Ninachotaka ushauri wenu hasa ni hiki. Kitinda mimba ameota jino jipya la mbele, la chini, nyuma ya lile la utoto, na la utoto halijang'oka. Nimelimulika kwa tochi ya simu, nimelisukuma kwa kidole, halitikisiki hata kidogo, wakati jipya limeshatoka nusu na limekaa upande. Jirani anasema ulimi utalisukuma lenyewe likae sawa. Baba Watoto anasema tumwone daktari wa meno kabla shule hazijafunguliwa. Mwenyewe anakataa kufungua mdomo tangu chakula cha jioni. Aliyewahi kuliona hili kwa mwanawe aniambie alifanyaje.