Inuka, dubu mweupe aliyezaliwa kwenye fukuto

Mwaka 2009 meli yetu ilikaa Singapore siku nne tukisubiri mzigo, nikapewa ruhusa ya kushuka siku moja nzima, wenzangu wakaenda madukani mi nikaenda zuu maana toka mdogo kule Tanga napenda wanyama kuliko kitu chochote. Nikazunguka weee hadi nikafika sehemu ya dubu weupe, nikasoma kibao, kimeandikwa INUKA. Nikasimama palepale. Mswahili yeyote akikutana na neno hilo anamsikia mama anaamsha watoto alfajiri, inuka mwanangu kumekucha. Kulikua na kijana mfanyakazi wa pale, nikamuuliza kwa kiingereza changu cha melini hili jina mnajua maana yake, akasema ndio, limetoka kwa Wainuit, watu wa kaskazini kabisa kwenye barafu, na maana yake ni mwindaji anayenyemelea kimyakimya. Nikamwambia kwetu maana yake ni amka usimame. Akafurahi sana yule kijana, akaenda kumwambia mwenzake.

Sasa huyo mnyemeleaji alikua hajawahi kuwinda hata siku moja. Alizaliwa hapohapo tarehe 26 Desemba 1990, na ndiye dubu mweupe wa kwanza kuzaliwa kwenye nchi za joto. Baba yake aliitwa Nanook, alitoka Kanada, na hilo jina kwa Kiinuit ndio dubu mweupe mwenyewe. Mama yake Sheba aliletwa kutoka zuu ya Cologne, Ujerumani. Singapore iko digrii moja na kidogo tu juu ya ikweta, yani iko karibu na ikweta kuliko Mombasa na Tanga, joto lake ni lile la fukuto kama la kwetu mwezi Machi kabla mvua hazijashuka, shati linakuganda mgongoni hata ukikaa kivulini. Na ndani ya fukuto hilo nikamuona mnyama mwenye koti la manyoya mara mbili, chini ya manyoya kuna ngozi nyeusi, na chini ya ngozi tabaka nene la mafuta, kilo zaidi ya mia tano, mwili wote umetengenezwa ili joto lisitoke.

Alikua anatembea. Hatua kadhaa mbele, anageuza kichwa, anarudi, hatua zilezile, anageuza kichwa upande uleule, anarudi. Niliangalia saa yangu, zaidi ya nusu saa nzima hajabadilisha njia. Watu walikua wanapita, wanapiga picha, wanasema anacheza. Mi nimefanya kazi baharini miaka mingi nikaona watu waliokaa melini miezi kumi bila kushuka, nikajua huyu hachezi.

Baadae nikaanza kusoma habari zake kila nikipata intaneti, na hadi leo sijaacha. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba mwaka 2004 yeye na mama yake waligeuka rangi ya kijani. Kijani kabisa! Unywele wa dubu mweupe kwa kweli hauna rangi, uko kama kijibomba kitupu ndani, tunauona mweupe kwa sababu ya mwanga, sasa kwenye ule unyevu wa Singapore ule ukijani unaoota kwenye matangi ya maji ukaingia ndani ya nywele zenyewe ukaota humo. Wakawaosha kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa watu wanasafishia vidonda, weupe ukarudi. Madaktari wakasema haukua na madhara kwa afya yao, na naamini, lakini mwili wa mnyama unapoota majani hivyo nadhani unakuambia kitu kuhusu mahali ulipouweka.

Ili uelewe kwa nini nimeandika haya inabidi ujue hawa dubu kwao wanaishije. Watu wengi kwetu wanafikiri dubu mweupe anaishi kwenye nchi yenye theluji, lakini yeye maisha yake yako baharini, juu ya bahari iliyoganda. Mimi niliwahi kufika Finland mwezi Januari, meli ya kuvunja barafu iko mbele yetu inatupasulia njia, na kwa mara ya kwanza nikaona bahari imekua sakafu, unaweza kushuka ukatembea. Hiyo sakafu ndio shamba lake. Chini yake kuna sili, mnyama wa baharini ambaye ndio chakula cha dubu, na sili anapumua hewa kama sisi, kwahiyo anakua na matundu yake kwenye barafu anayotokea kuvuta pumzi, na dubu anakwenda kwenye tundu anajilaza, hatikisiki, saa nzima, masaa kadhaa, anasubiri pua moja itokeze. Mara nyingi anakosa. Akipata anaanza na mafuta, hayo ndio yanamuweka hai.

Na anatembea mno. Dubu mmoja eneo lake linaweza kuwa maelfu kwa maelfu ya kilomita za mraba, maana barafu yenyewe inasogea, inapasuka, inaganda tena, lazima aifuate. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walilinganisha wanyama wala nyama walioko kwenye zuu wakakuta wale wanaozunguka maeneo makubwa porini ndio wanaoteseka zaidi wakifungiwa, wanatembea mbele na nyuma kama nilivyomuona Inuka na watoto wao wanakufa kwa wingi, na uzio wa kawaida wa dubu mweupe wakaukadiria kuwa kama moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analohitaji porini. Moja ya milioni. Pale New York kwenye zuu ya Central Park alikuwepo dubu anaitwa Gus, miaka ya tisini alikua anaogelea kwa kuzunguka umbo la namba nane masaa mengi kwa siku, kila siku, hadi wakamlipia mtaalam wa tabia za wanyama aje amtazame. Wakampa vitu vya kuchezea na chakula cha kutafuta kwa shida, ikapungua lakini haikuisha.

Halafu kuna yule mama wa bahari ya Beaufort, juu ya Alaska. Huyu siwezi kumaliza wiki bila kumfikiria. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walimvalisha kola yenye setilaiti, akaingia majini kutafuta barafu, na barafu ilikua imerudi mbali sana kaskazini, akaogelea siku 9 mfululizo bila kupumzika kilomita 687. Ndugu zangu wa pwani pigeni hesabu, ni kama kutoka Tanga mpaka Dar kwa barabara na kurudi, ila yeye kwa mikono, kwenye maji yanayokaribia kuganda. Alifika. Lakini alipopimwa tena alikua amepoteza zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, na mtoto wake wa mwaka mmoja hakuwepo tena. Mi ni baharia najua siku 9 za maji matupu zikoje hata ukiwa ndani ya chuma na injini inafanya kazi.

Kwahiyo sisemi porini ni peponi, asinielewe mtu vibaya. Kuna mji mdogo Kanada unaitwa Churchill, ufukweni mwa Hudson Bay, huko barafu ikiyeyuka kwenye Julai dubu wote wanalazimika kupanda nchi kavu wakae na njaa hadi Novemba bahari igande tena. Jike mwenye mimba ndio kabisa, yeye bahari ikiganda haendi, anabaki kwenye pango lake, anazaa humo watoto mara nyingi wawili wadogo kiasi cha kilo nusu na kidogo, vipofu, anawanyonyesha maziwa ambayo karibu theluthi ni mafuta, na yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni, miezi nane inaweza kupita. Miezi nane jamani na ananyonyesha! Mwili wake ulishajua hesabu hiyo toka zamani, ameweka akiba ya mafuta wakati wa masika ya kule sili wanapozaa. Shida ni kwamba binadamu tumebadilisha hesabu, tunachoma mafuta na makaa ya mawe, dunia inapata joto, na pale Hudson Bay barafu sasa inawahi kuondoka na inachelewa kurudi, wiki kama tatu za kuwinda zimepotea ukilinganisha na miaka ya themanini. Dubu wa upande ule wa magharibi walihesabiwa karibu 1,200 mwaka 1987, mwaka 2016 wakakadiriwa 842, mwaka 2021 wakawa 618. Duniani kote wanakadiriwa kama 26,000.

Watu wa Churchill nawapenda kwa namna walivyojifunza kuishi nao. Dubu ana njaa anaingia mjini, kwahiyo kuna desturi ya kutofunga milango ya magari ili mtu akikutana naye njiani apate pa kukimbilia, kuna namba ya simu ya kuita askari wa dubu, na kuna jengo wanaliita jela ya dubu, msumbufu anakamatwa anawekwa humo, hapewi chakula asije akazoea binadamu, anapewa maji tu, kisha anabebwa na helikopta kwenye wavu anapelekwa mbali au anasubiri bahari igande aachiwe. Zamani dubu msumbufu alikua anapigwa risasi tu.

Na hapo ndio nakutana na swali gumu kidogo, maana mtoto wa dubu aliyefiwa na mama porini hawezi kuishi, anategemea mama yake miaka miwili na nusu hivi kujifunza kuwinda. Baadhi ya yatima wa Churchill wanapelekwa zuu ya Assiniboine Park kule Winnipeg, ambako baridi ipo ya kweli na eneo lao lilijengwa upya mwaka 2014, na mi kwa hilo sina neno la kupinga, heri yatima awe hai mahali penye theluji. Ninachokataa ni kuwazalisha na kuwasafirisha hadi kwenye ikweta, au kuwaweka ndani ya duka kubwa kama walivyofanya Guangzhou, China, dubu alikua anakaa chini ya taa watu wanapiga naye selfi kwenye kioo. Hiyo hapana.

Singapore wenyewe walilitambua hilo na nawaheshimu kwa hilo. Shirika la kutetea wanyama la hapohapo, ACRES, lilitoa ripoti mwaka 2006 kuhusu Inuka na Sheba, kuhema kwa joto na kule kutembea kwa kurudia, ikaleta mjadala mkubwa, na mwaka huohuo zuu ikatangaza haitaleta tena mnyama wa Ncha ya Kaskazini. Wakafikiria pia kumpeleka Inuka zuu ya Rostock Ujerumani mama yake akishafariki, apate baridi walau uzeeni, lakini mwaka uliofuata wakabadilisha wakaona ameshazoea joto toka azaliwe na safari ingemuumiza. Hapo huwa naumia kila nikisoma. Mtu umezaliwa mbali na kwenu hadi kwenu pakawa ndio hatari kwako.

Sheba alikufa mwaka 2012. Mwaka 2013 Inuka akajengewa nyumba mpya, kubwa kuliko ile niliyomuona, yenye viyoyozi na bwawa na barafu. Walezi wake walimpenda, hilo sina shaka nalo hata kidogo, kuna waliomlea miaka kwa miaka, kila Desemba wanamtengenezea keki ya barafu. Alifika umri wa miaka 27, na porini ni wachache sana wanaofika huko. Lakini uzee ukaja na baridi yabisi, viungo vinauma, miguu ya nyuma imeisha nguvu, meno, masikio, vidonda kwenye nyayo visivyopona. Tarehe 25 Aprili 2018 walimlaza kwa dawa ya usingizi wampime, wakakuta hali imezidi kuwa mbaya kuliko walivyotarajia, wakakubaliana wasimwamshe.

Nilikua Muscat siku ile, nikaiona habari kwenye simu saa ya chai. Nikakumbuka jina lake kwenye kile kibao, na yule kijana alivyofurahi kujua maana yake kwa Kiswahili, nikajiuliza kama alikuwemo mle chumbani.

Mara ya mwisho kupita Singapore ilikua 2019. Tulikaa siku mbili. Zuu sikwenda, nilikaa kwenye sitaha usiku naangalia taa za mji, joto lilelile, na pale zuu hakuna tena dubu mweupe, na nimefurahi kwamba hakuna.