Penzance, tumbaku ya kiko ambayo haikai dukani

Ukiwa mvutaji wa kiko kuna jina moja likitajwa tu lazima ugeuke, nalo ni Penzance. Inatengenezwa na J.F. Germain & Son, kampuni ya familia pale kisiwa cha Jersey, inauzwa kwa jina la Esoterica. Wanatoa kidogo mno jamani, mzigo ukiingia madukani Marekani unaisha ndani ya dakika, afu baadae unakutana na mfuko huohuo kwa mlanguzi bei imeruka mbali na bado watu wananunua!

Utamu wake ni ile latakia ya Saiprasi, majani yanayofukizwa moshi wa kuni mpaka yanakuwa meusi tii, wanachanganya na tumbaku ya aina ya Virginia na majani ya Uturuki wanagandamiza yote yanashikana kama keki, wewe unamega tu kwa vidole unajaza kiko. Moshi wake mzito lakini mpole, hauumi ulimi kabisa.

Ila mi kwa Penzance siwezi kumlipa mlanguzi, maana bado inatengenezwa, utasubiri lakini itakuja. Pesa yangu ya kujinyima naiweka kwa tumbaku za McClelland, kampuni ya Kansas City kule Marekani, wale walifunga 2018 na kila kopo likifunguliwa hakuna lingine nyuma yake, halafu Virginia zao zikikaa miaka ndani ya kopo lisilopitisha hewa zinazidi kuwa laini na tamu. Ukiliona linauzwa, kagua kwanza kama kopo halijaota kutu, kutu ikitoboa hewa inaingia na tumbaku inakauka.